Kinyozi Aliyesema Palikuwa

Kisa hiki hakiwezi kusimuliwa katika nchi kilikotokea, kwa sababu kule neno "kilitokea" lina kifungo. Tunakisimulia huku, na tunamwomba msomaji asikisome kwa sauti akiwa karibu na mpaka.

Nchi yenyewe inaitwa Keshoni, na mji wake mkuu ni Mbeleni. Ni nchi nzuri, yenye watu wakarimu na bendera kubwa. Miaka mingi iliyopita watu wake walikuwa na tabia mbaya ya kukumbuka. Walikaa vibarazani wakisema kwamba zamani maji yalikuwa yanatoka bombani, kwamba barabara ya sokoni ilikuwa inapitika, na kwamba mbunge wao alikuwa mwembamba. Serikali ilivumilia, mwishowe ikaunda tume. Tume ikazunguka nchi nzima, ikala vizuri, ikagundua chanzo cha manung'uniko. Halikuwa tatizo la maji wala barabara. Lilikuwa tatizo la sarufi. Basi wakati uliopita ukafutwa kwa sheria. "-li-" ikapigwa marufuku, na "-me-" ikaondoka nayo kama mshirika wake. "-ka-" ilinusurika kwa kuwa hakuna waziri aliyeweza kueleza inafanya kazi gani. Watumishi wenye bidii wakaongeza yao: wali ukaitwa wata, mwalimu akawa mwatamu, na Serikali yenyewe, ili kuonyesha mfano, ikajiita Serikata. Kuna mtu aliyeuliza neno "ukweli" lifanyweje. Akajibiwa kwamba hilo halitumiki ofisini, liachwe hivyo hivyo.

Mwajabu Mkwanda hakuyajua haya. Yeye alikuwa mpika chapati wa nchi jirani, mwanamke mrefu mwenye sauti inayosikika mtaa wa pili, na alichojua ni kwamba mumewe Nassibu, kinyozi, alikwenda Keshoni kutafuta vichwa vipya, akapiga simu kila Ijumaa, kisha ghafla akanyamaza. Simu ikawa haipatikani. Majirani, kama kawaida yao, walikuwa na maelezo tayari.

"Ameoa," alisema Bi Hanuni wa nyumba ya pili, akimega chapati asiyoilipia. "Mwanamume mwenye mdomo kama ule hawezi kunyamaza bure. Kuna mtu huko anayemwambia 'pole na kazi, mume wangu.'"

Mwajabu alifunga jiko, akamwacha mtoto wao Shani kwa majirani, akafungasha khanga mbili, viatu vya akiba na ugomvi mkubwa aliokuwa ameupanga vizuri kuanzia siku ya harusi, akapanda ndege.

*

Watu wa Keshoni wanasema lugha ile ile anayoisema Mwajabu, ndiyo maana hakuona haja ya kujifunza kitu. Hilo lilikuwa kosa. Ndege ilipotua na kusimama kabisa, rubani alitangaza, "Mabibi na mabwana, tutatua." Abiria wakapiga makofi, wakabaki wamefunga mikanda. Mwajabu akasimama achukue begi lake.

"Kaa, mama," alinong'ona jirani yake kwa hofu. "Tutatua."

"Tumeshatua! Naona majani hapo nje!"

Yule jirani akageuza uso kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

Uwanjani, afisa wa uhamiaji alimsalimu kwa adabu, "Utakuwaje?" Mwajabu alipomjibu kwamba amekuja salama, afisa alishika moyo. Mtu wa nyuma kwenye foleni akamfundisha jibu: "Nitakuwa mzima." Alipolitoa, mlango ukafunguliwa na akaambiwa karibu atakaribishwa.

Jambo jingine lilimshangaza zaidi ya salamu. Wanaume wote wenye vyeo walikuwa wamenyolewa nusu kichwa. Upande wa kulia uling'aa kama bakuli, upande wa kushoto ulikuwa na nywele zake zote. Afisa wa uhamiaji alikuwa hivyo, mkaguzi wa mizigo hivyo, hata picha ya waziri ukutani ilikuwa imechorwa upya upande mmoja, na rangi haijakauka vizuri. Mwajabu alijiambia kwamba ni mila ya wenyewe, na mgeni hacheki mila za watu mbele yao. Alisubiri mpaka alipoingia kwenye teksi.

Hotelini alikokwenda kula aliwekewa sahani tupu. "Wata utakuja," alisema mhudumu, akainama. Watu wa meza ya jirani, ambao sahani zao zilikuwa tupu vilevile, walikuwa wanapiga mbweu na kujisifia shibe, maana huko ni utovu wa adabu kushukuru chakula baada ya kukila: utakuwa unasema juu ya jambo lililopita. Mwajabu alijitahidi, akapiga mbweu moja ndogo ya njaa. Mhudumu alifurahi sana, na chakula kikaja, kidogo na cha baridi.

*

Asubuhi alikwenda kituo cha polisi. Mkuu wa kituo aliitwa Bwana Tutaona. Huko watu wote hupewa majina ya namna hiyo, na wale waliozaliwa kabla ya sheria wamebadilishiwa. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye nusu ya nywele na kalamu mbili mfukoni.

"Mume wangu amepotea," alisema Mwajabu.

Askari mmoja akafunga dirisha.

"Mama ni mgeni," alisema Bwana Tutaona, "nami nitasamehe. Unataka kusema mume wako atapotea."

"Amekwisha kupotea! Alikuja hapa, alikuwa anakata nywele za watu, na sasa..."

"Mama! Mama!" Bwana Tutaona aliinua mikono yote miwili. "Katika nchi hii hakuna mtu anayepotea kwa nyuma. Kila mtu ana haki ya kupotea kwa mbele, na Serikata ina mpango kabambe wa kumtafuta. Niambie tu, huyo bwana atapotea lini? Tutajiandaa."

"Hunielewi, baba? Hayupo!"

"Hayupo ni sawa. Hayupo ni ya sasa hivi, haina ubaya. Je, unataka awepo?"

"Ndicho kilichonileta!"

"Basi tunakubaliana kabisa!" Bwana Tutaona alinyanyuka, akampa mkono kwa furaha. "Atakuwepo. Serikata inakuahidi. Nenda kapumzike, mama, na uanze kufurahi."

Askari wakapiga makofi. Mwajabu alijikuta yuko nje juani kabla hajajua kwamba kesi yake imefanikiwa.

Akaenda ubalozi wa nchi yake. Angalau kule, alijiambia, atazungumza na mtu wa kwao. Balozi Kasanga alimpokea kwa juisi ya pakiti. Naye kichwa chake kilikuwa nusu.

"Kwa heshima ya mila za wenyeji," alieleza, akijipapasa upande wenye upepo.

"Mila ya tangu zamani, Mheshimiwa?"

"Ya zamani sana." Balozi alitazama mlango, akashusha sauti. "Ina kama mwezi hivi."

Kisha akarudi kwenye sauti yake ya hotuba na kumweleza kwamba serikali inalifuatilia suala la mumewe kwa ukaribu mkubwa. Mwajabu akauliza linafuatiliwa kutoka wapi. Balozi akasema kutoka kwenye kiti hicho hicho, na kwamba ni kiti kizuri, kinazunguka. Akaongeza kwamba uhusiano wa nchi hizi mbili haujawahi kuwa mzuri kama sasa, kwamba wageni kutoka wizarani kwao wanakuja kila mara kujifunza sarufi ya huku, na kwamba haifai kuvuruga mafunzo hayo kwa ajili ya kinyozi mmoja.

"Mheshimiwa, nimesema ni kinyozi?"

Balozi alikunywa juisi yake yote. "Mama," alisema, "nenda ukapumzike."

Mwajabu alitoka pale akiwa na hakika ya jambo moja. Mumewe alikuwa amefanya kitu, na kila mtu anakijua.

*

Nyumba ya wageni aliyofikia ilikuwa ya Mama Yatapita, mjane mfupi mwenye macho ya kucheka. Kila alasiri, jua likianza kulegea, mji wote wa Mbeleni huanza kudunda. Uani kwa kila nyumba wanawake hutwanga, du, du, du, mpaka madirisha yanatikisika. Redio ya nchi hutangaza mdundo huo kila jioni kama ushahidi kwamba Keshoni imejaa nafaka, na wataalamu kutoka nje wameshakuja na vyombo kuupima, wakatoa pongezi.

Mwajabu alitoka uani akachungulia kinu cha Mama Yatapita. Kilikuwa kitupu.

"Mama, humu hamna kitu."

"Shika mchi, mwanangu," alisema Mama Yatapita. "Twanga."

Mwajabu akatwanga hewa. Mama Yatapita akashika mchi wa pili, wakapokezana, na mdundo uliponoga yule mjane akaanza kusema kwa haraka, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu.

"Nilimjua mumeo. Mji mzima ulimjua. Alikuwa na kibanda karibu na posta. Watu walikuwa wanakwenda kunyolewa hata wasio na nywele, ili tu wamsikie akiongea, maana ulimi ulikuwa unamteleza, na kila ulipoteleza tulisikia raha. Akisema 'jana niliona,' mtu anatoka pale anatembea kama kijana. Basi siku moja Waziri wa Mambo Yajayo, Mheshimiwa Tutajenga, alimwita..."

Mwajabu alisimamisha mchi apanguse jasho.

"...na atamwita tena," alimalizia Mama Yatapita kwa sauti ya redio, akitabasamu kwa ukuta. "Twanga, mwanangu!"

Du, du, du.

"Alimwita amnyoe. Mumeo alianza upande wa kulia. Akanyoa, akanyoa, huku anaongea. Alipofika utosini, ambako waziri hana kitu, akapapasa, akasema kwa huruma kabisa, 'Mzee, hapa palikuwa na nywele.'"

Mchi ulimponyoka Mwajabu. Aliuokota akaudunda kwa hasira.

"Ndivyo anavyosema kila mahali! Hata baba yangu alimwambia hivyo, siku ya posa! Nilimkataza! Nilimkataza nikachoka!"

"Kumbe ni ugonjwa wa siku nyingi," alisema Mama Yatapita. "Basi walimkamata wembe ukiwa mkononi. Lakini kumshtaki hawawezi, kwa sababu shahidi itabidi aseme 'alisema,' naye atafungwa. Kwa hiyo wamemweka Nyumba ya Matarajio, wanasubiri aseme tena. Na waziri akabaki nusu. Kumalizia hawezi, maana ukimalizia unakiri kwamba kuna kitu kilianza. Walio chini yake wakaona aibu bosi awe peke yake, wakanyoa nusu nao. Sasa watalii wanaambiwa ni mila itakayokuwa ya kale."

Mwajabu akauliza lile lililomleta.

"Na mwanamke? Ana mwanamke huku?"

"Mumeo?" Mama Yatapita alicheka mpaka mdundo ukaharibika. "Hana nafasi, mwanangu. Mwanamke ni lazima naye apate zamu ya kusema."

Mwajabu naye alicheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia, na bado mkono ukawa unatwanga. Nusu ya ugomvi wake ilikuwa imekufa palepale uani. Ile nusu nyingine ilikuwa imenenepa. Ilikuwa na neno moja tu sasa, neno ambalo kila mke ana haki nalo, na ambalo katika nchi nzima ya Keshoni hakuwa na ruhusa ya kulitamka: Nilikwambia.

*

Wiki hiyo kulikuwa na Sherehe ya Kushukuru Maji Yatakayokuja. Wananchi walikusanyika uwanja wa Matumaini wakiwa na mabuti ya mvua na makoti ya plastiki, kulizunguka bomba jipya linalong'aa, ambalo kwa chini halikuunganishwa na kitu. Jua lilikuwa kali. Mheshimiwa Tutajenga alipanda jukwaani katika kofia kubwa, akakaa akijikuna kwa fimbo ya cheo aliyoipitisha chini ya ukingo wa kofia. Ile nusu ya nywele ilikuwa imerefuka na ilikuwa inamwasha vibaya.

"Ndugu wananchi!" aliunguruma. "Maji yatakuja! Yatakuja kwa wingi, yatakuja kwa kasi, na yatakuja na samaki wake! Wenye nia mbaya watasema yatachelewa. Nawaambia, hayatachelewa, kwa sababu hatutayapangia saa! Nawaona hapo, mnaanza kuloa!"

Akafungua bomba. Bomba likakohoa vumbi. Watu wakarudi nyuma kwa adabu, wakajipangusa nyuso kavu, na bendi ikapiga.

Kwa desturi ya Keshoni, hotuba ikiisha, mwananchi yeyote mwenye ahadi anaruhusiwa kusimama mbele na kuitoa. Mmoja aliahidi kuwa mrefu. Mwingine akaahidi kwamba ng'ombe wake watazaa mapacha wa rangi za bendera. Kisha akasimama mwanamke mrefu mwenye khanga, na Bwana Tutaona, aliyekuwa analinda ngazi, akaanza kuitafuta filimbi yake.

"Mheshimiwa!" ilipasua ile sauti ya mtaa wa pili. "Mimi naahidi kinyozi!"

Bendi ikashusha vyombo.

"Kinyozi bora, Mheshimiwa! Atakunyoa kichwa kizima, kwa mara ya kwanza! Upande wa kulia mikono yake itaupita bila shida, na upande wa kushoto atauacha laini. Utalala upande wowote utakaoupenda!"

Fimbo ya waziri iliacha kukuna. Kwa muda mrefu alikuwa anasubiri mtu amtengenezee sentensi kama hiyo. Hakuna kilichoanza, kwa hiyo hakuna kinachomaliziwa.

"Huyo kinyozi," alisema polepole, "atapatikana?"

"Bwana Tutaona ataniahidi hilo," alijibu Mwajabu. "Kituoni kwake Serikata inaahidi kwamba mume wangu atakuwepo. Makofi mnayasikia mpaka nje."

Macho yote yakamgeukia mkuu wa kituo.

"Atapatikana, Mheshimiwa!" alipiga kelele Bwana Tutaona, akatoka mbio ambazo hajapata kuzipiga tangu aajiriwe.

Nassibu aliletwa na mkoba wake wa kazi, amekonda, ndevu zimemjaa usoni, vidole vikikata hewa kwa kukosa kazi. Alipomwona mkewe alisimama kama mtu aliyegongwa. Mwajabu alimwendea haraka akamfunga taulo begani, na katika kumfunga akamminya kwa nguvu zote.

"Baba Shani," alimnong'oneza, "ukifungua mdomo, nitakuwa mjane."

"Mama Shani, umekuja peke yako au..."

Mwajabu akamtia brashi ya sabuni mdomoni.

Maji ya kunyolea yalitafutwa uwanja mzima hayakupatikana, ikabidi itumike chupa ya waziri. Kofia ikavuliwa. Watu waliinamisha nyuso, wengine kwa heshima na wengine ili wasionekane wanacheka. Nassibu akaanza upande wa kulia kwa mgongo wa wembe, kwa ajili ya sheria, kisha akahamia kushoto. Alikuwa bwana wa kazi yake, lakini hajawahi maishani kunyoa kimya. Maneno yalimpanda kooni yakamvimbisha mashavu. Kila wembe ulipozunguka sikio alivuta pumzi ili aseme, na kila alipovuta pumzi mkewe akampaka povu jipya mdomoni. Alipofika utosini, kiganja chake kikatua pale penyewe, kikapapasa, macho yakamlegea kwa huruma. Mwajabu aliiona midomo inajipanga kwa ile "p."

Alimkanyaga mguu kwa kisigino.

"Pa... pa... patang'aa!" alilia Nassibu.

"Patang'aa!" uwanja ukaitikia, na bendi ikapiga.

Kazi ikaisha. Waziri akapewa kioo. Alijitazama kulia, akajitazama kushoto. Kichwa kilikuwa kimoja, cha mviringo, kitupu, na muwasho ulikuwa umetoka kama pepo. Pengine ilikuwa ni ile nafuu ya ghafla. Pengine ni lile povu la sabuni, au mikono ya mtu mwingine kichwani kwake. Mheshimiwa Tutajenga aliendelea kutazama kioo, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi kifuani kwake.

"Zilikuwa nywele nzuri," alisema. "Mama yangu alikuwa anazichana."

Bwana Tutaona alikuwa na filimbi mdomoni na hakujua aipulize kwa ajili ya nani. Mzee mmoja mstari wa mbele alivua kofia, akaikumbatia kifuani, na wanawake waliozoea kusemea kwenye vinu walikuwa wametoa macho kama watoto waliosikia jina lao gizani.

"Mheshimiwa atasema 'zitakuwa!'" alipasua Bwana Tutaona.

"Zitakuwa!" watu wakaitikia, lakini kwa uchovu, kama watu waliorudishwa kazini.

Waziri alivaa kofia yake. Hakumtazama kinyozi. Amri ilitoka palepale, kwamba wageni wote wawili watolewe nchini kabla ya jua kuzama, kwa kuwa masikio ya wageni yana tabia ya kuhifadhi. Kuhusu masikio ya wananchi amri haikusema kitu, na mpaka leo huko Keshoni haijulikani kama Mheshimiwa atasema alichokisema, ingawa vinu vya Mbeleni vilidunda jioni ile kuliko kawaida yake.

*

Walipakiwa nyuma ya lori pamoja na magunia ya vitunguu. Njia nzima Nassibu, aliyekuwa ametolewa sabuni mdomoni, alisema bila kituo, lakini kwa wakati ujao tu, kwa kuwa askari alikaa mbele yao.

"Mke wangu utanisamehe. Nitakuwa mtu mpya. Sitapapasa utosi wa mtu yeyote."

Na ukweli ni kwamba alianza kuifurahia ile sheria. Hapa alikuwa mume asiye na kosa hata moja, kwa kuwa makosa yake yote hayakuwa na mahali pa kukaa. Mwajabu alimtazama tu, akitikiswa na lori, amefunga mdomo kama sufuria ya presha.

Mpaka wenyewe ni mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na kizuizi cha mti. Upande wa Keshoni kulikuwa na wachuuzi wa mboga, utingo wa malori na watu wa njiani, na askari mmoja wa zamu, kijana mpana mwenye bunduki. Aliinua mti. "Mtapita," alisema. Nassibu akavuka. Mwajabu akavuka. Mguu wake wa pili ulipogusa udongo wa kwao, sufuria ikafunguka.

"Nilikwambia!" Kunguru waliruka. "Nilikwambia, Nassibu! Nilikwambia siku ya posa, ulipomgusa baba yangu kichwa! Nilikwambia ulipomwambia imamu ndevu zake zilikuwa nyeusi! Uliniahidi utanyamaza, ukanyamaza siku moja, ukaumwa! Nililala macho, niliuza chapati huku nalia, watu walisema umeoa, nami niliwaamini, ningependa uwe umeoa kuliko hili! Ulikonda! Nani alikuambia ukonde?"

Nassibu alisimama ameinamisha kichwa, na kwa kweli uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyefika nyumbani. Alikuwa anatafuta pa kuingiza neno. Ndipo alipoona mkewe amenyamaza ghafla na anatazama nyuma.

Upande wa pili wa mawe watu walikuwa wamesimama wote. Wachuuzi walikuwa wameacha mboga zao. Utingo alikuwa ameshuka kutoka juu ya magunia. Walikuwa wamesogea mpaka vidole vya miguu vinagusa chokaa, wanamsikiliza Mwajabu kama watu wanaosikiliza muziki wa harusi ambayo hawakualikwa.

"Mama," alisema yule askari. Alitazama kulia na kushoto. "Mama, utanisaidia?"

"Nini, mwanangu?"

"Mama yangu. Jina lake Tunu. Nyumbani tunasema atakuja. Kila asubuhi tunamwekea chai. Inapoa, baba anaimwaga, na kesho yake tunaweka nyingine."

"Yuko wapi?" aliuliza Mwajabu, japo alikwisha kujua.

Kijana alifungua mdomo, akaufunga. "Atafariki," alisema hatimaye, kwa shida. "Atafariki mwaka juzi."

Hakuna aliyecheka. Mwajabu alirudi mpaka kwenye mstari, akasimama upande wake, uso kwa uso na bunduki.

"Mtu wa namna gani huyo mama?"

"Atapenda kucheka. Atakaanga samaki, harufu itasikika mpaka barabarani. Siku ya shule atainama, atanifunga viatu mimi."

Mwajabu alishusha sauti yake, ile kubwa, akaifanya ndogo ya chumbani.

"Tunu alikuwa anapenda kucheka," alisema. "Alikaanga samaki, na harufu ilisikika mpaka barabarani. Siku ya shule aliinama akamfunga mwanawe viatu. Mwaka juzi alifariki."

Askari alibaki ameshika mti wa kizuizi kwa mikono miwili. Mabega yake yalishuka taratibu, kama ya mtu aliyetua gunia.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, mama. Ndivyo."

Mwanamke mwenye kapu la mchicha akajipenyeza mbele. "Na mimi," alisema. "Dada yangu. Ataimba vizuri sana." Nyuma yake mzee akainua kidole. Nyuma ya mzee, utingo. Askari alijipangusa uso kwa mkono wa shati, akaanza kuwapanga mstari.

Nassibu alikuwa amefungua mdomo.

"Wewe ngoja," Mwajabu alimwambia. "Yako tutayamaliza nyumbani."

Akaweka begi chini karibu na mawe, akalikalia, akavuta khanga magotini.

"Haya," akasema. "Dada aliitwa nani?"